Tukichangia Luku, Tuchangie na Fundi

Wapangaji wenzangu wa Manzese, Buguruni, Mbagala na kila mtaa ambako vyumba sita au vinane vinategemea mita moja ya Luku: kila mwezi tunakaa tunachangishana. Tunajua nani ana friji, nani anapikia umeme, na ugomvi wa yuniti tunaumaliza wenyewe barazani. Kikao hichohicho sasa kizungumzie nyaya.

Nyumba zetu nyingi zilifungwa umeme wa taa, feni na redio. Leo soketi moja ina ekstensheni, na juu yake ekstensheni nyingine. Birika la umeme peke yake laweza kula wati 2,000. Ukichomeka na pasi hapohapo, soketi ya ampea 13 imezidiwa, maana kwa volti 230 uwezo wake haufiki wati 3,000. Plagi ikichemka au plastiki ikinuka, chomoa.

Linaloniumiza zaidi ni tunavyoiamini breka. Breka ya kawaida inalinda waya, hailindi mtu. Ile ya ampea 32 itatulia kimya mtoto akiwa ameganda kwenye friji inayovuja umeme, kwa sababu hata sehemu moja ya kumi ya ampea inatosha kuvuruga moyo hadi kifo. Wa kumwokoa ni waya wa eathi ulioshuka mpaka kwenye fimbo iliyochimbiwa ardhini, pamoja na kile kikata umeme chenye kitufe cha majaribio, kinachokata miliampea 30 tu zikivuja. Kama kwenu kipo, bonyezeni kitufe hicho. Umeme usipokatika, kibadilishwe.

Mpangaji mmoja hawezi jambo hili. Utatupa ekstensheni yako mbovu, lakini waya wa jirani unapita juu ya dari lilelile. Tumwite mwenye nyumba kikaoni. Tutafute fundi mwenye leseni ya EWURA, aionyeshe kabla hajagusa kitu, maana vishoka ni wengi, akague kuanzia mita hadi chumba cha mwisho. Ukaguzi tuuchangie sisi. Matengenezo ni ya mwenye nyumba, kwani nyumba ni yake. Akikataa, twende wote kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, tusiende mmoja mmoja.

Na siku hiyohiyo, namba ya zimamoto, 114, iandikwe ukutani kando ya mein swichi, na kila anayeifikia afundishwe kuizima kabla ya kumgusa aliyenaswa.