Ziara ya Watu Kumi na Wawili

Siku moja nilinunua njugu kwa mama mmoja auzaye kando ya njia katika Mukuru kwa Reuben, upande wa mashariki wa mji wa Nairobi. Njugu zilifungwa katika karatasi iliyochanwa kutoka gazeti la rangi. Nilipokwisha kutafuna niliikunjua karatasi ile, maana sina tabia ya kutupa maandishi kabla ya kuyasoma. Lilikuwa tangazo la safari. Liliwaalika watu wasiozidi kumi na wawili kuzuru Florence, Venice na Roma kwa siku kumi na moja, wakiongozwa na mtaalamu wa historia ya sanaa. Watembee kwa miguu, wasiharakishwe, na wasimame mbele ya picha moja hata nusu saa kama watapenda. Bei ilikuwa imechanika pamoja na pembe ya karatasi. Hilo halikunisikitisha, kwa kuwa hata ingalikuwapo isingalinifaa kitu.

Kijana mmoja wa sekondari aliyesimama karibu nami alisoma juu ya bega langu, akacheka, akasema, "Mwalimu, hayo ni mambo ya wazungu. Sisi huku hatuna sanaa, tuna shida."

Insha hii naiandika kwa sababu ya kauli hiyo. Naipinga kwa kuwa si kweli, na kwa kuwa ina walimu wengi wanaoifundisha pasipo kujua kwamba wanaifundisha.

Kwanza tuitendee haki ile karatasi ya njugu. Desturi inayoitangaza si ya jana. Katika karne ya 17 na ya 18 vijana wa makabaila wa Uingereza walipelekwa Italia pamoja na mwalimu wao, wakakaa huko miezi mingi, wengine miaka, ili warudi kwao wakihesabiwa kuwa watu waliokamilika. Mwaka 1864 Thomas Cook alianza kupeleka Waingereza wa tabaka la kati huko Italia kwa makundi, na jambo lililokuwa fahari ya mabwana likawa bidhaa ya kununuliwa. Tangu hapo kumekuwa na ziara za namna mbili. Kuna ya umati unaofuata bendera mbio mbio, na kuna ya watu wachache wanaomfuata mtu ajuaye. Ya pili ndiyo njema. Mtu ajuaye hawaambii wenzake "tazameni" tu. Huwaambia ni nani aliyechora, ni nani aliyelipa, rangi ilitoka wapi, na kwa nini yule aliye pembeni amegeuza uso. Kisha hunyamaza, waone wenyewe. Sijui njia bora ya kumfundisha mtu kutumia macho yake.

Yuko atakayesema kwamba njia hiyo ni nzuri lakini si yetu, kwa kuwa hatuwezi kufika huko. Ni kweli kufika ni kazi. Tangu Juni 2024 ada ya kuomba viza ya nchi za Schengen ni yuro 90, nayo hairudishwi hata ukinyimwa, sembuse nauli ya ndege. Lakini mimi sikusema twende Florence. Nasema tuitwae njia yao, tuiache safari.

Hata hivyo, Mukuru haikukosa ziara. Nimewaona kwa macho yangu watu wanane, nao waliongozwa, nao walikwenda kwa miguu, polepole. Walikuwa na kamera. Kiongozi wao aliwaonyesha mfereji wa maji machafu, mabati yenye kutu, choo kinachotumiwa na watu wengi, na watoto waliokuwa wakicheza kando ya hayo yote. Wageni waliguna kwa huruma, na baadhi walilia. Walipokwisha kupiga picha waliondoka. Mambo hayo yamezoeleka zaidi Kibera, lakini kwetu pia hufika.

Msomaji, zilinganishe ziara hizo mbili. Huko Florence mgeni huonyeshwa kile ambacho watu wa mahali wamekifanya. Huku huonyeshwa kile ambacho watu wa mahali wamekikosa. Huko kila ukuta una jina la mtu. Masaccio alifariki mwaka 1428, akiwa na umri wa miaka 27 hivi, na mpaka leo wageni hufundishwa kulitamka jina lake barabara. Huku mtu aliyechora simba mwenye taji kwenye kibanda cha kinyozi yu hai, anakunywa chai hatua ishirini kutoka hapo, wala kiongozi hakumtaja. Pengine hamjui. Sisemi wageni wasije. Waje, lakini waonyeshwe mikono yetu kabla ya kuonyeshwa mifereji yetu.

Wala wasitudanganye kwamba sanaa ya Florence ilizaliwa katika usafi na shibe. Ng'ambo ya mto Arno, katika mtaa uliokuwa wa mafundi na maskini, kuna kanisa liitwalo Santa Maria del Carmine, na ndani yake kipo kikanisa cha Brancacci. Humo Masaccio alichora, katika miaka ya 1420, mtume Petro akipita katika kichochoro. Kando ya njia wamekaa viwete, na kivuli cha mtume kinapowagusa wanapona. Nyumba zilizo nyuma yao si za Yerusalemu. Ni nyumba za Florence, za mtaa kama ule ule. Katika picha nyingine pale pale mwanamke amesimama, amempakata mtoto, anapokea sadaka, naye amesimama wima kama malkia. Mchoraji aliwatazama maskini wa mji wake akaona watu. Leo wageni huingizwa katika kikanisa hicho kwa makundi madogo na kwa muda uliopimwa, kwa jinsi kinavyothaminiwa. Na vibarua wa sufu wa mji huo huo, walioitwa Ciompi, waliasi mwaka 1378 kwa sababu hawakuruhusiwa hata kuwa na chama chao. Anayeamka alfajiri katika kwa Reuben kwenda kusimama kwenye lango la kiwanda katika Eneo la Viwanda, akitumaini kuitwa kibarua, angalielewana nao upesi.

Sasa nimsikilize mpinzani wangu mkubwa, ambaye namheshimu. Yeye husema hivi: mtoto wa Mukuru anahitaji maji, choo, chakula na karo, ukimpa picha umempa jiwe badala ya mkate. Maneno haya yana uzito, na anayeyasema mara nyingi amefanya kazi kubwa kuliko mimi. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ilipotangaza Mukuru kuwa eneo la mipango maalumu, watu walizungumza juu ya njia, maji taka na zahanati, na walifanya vyema. Lakini yeye huchukulia kwamba vitu hivyo viwili haviwezi kukaa katika nyumba moja. Vimekaa. Mwaka 1419 chama cha wafanya biashara ya hariri wa Florence kilimwomba Brunelleschi ajenge makao ya watoto waliotupwa na wazazi wao. Angaliweza kuwajengea ghala lenye paa, na hakuna ambaye angalimlaumu, maana walikuwa watoto wasio na baba. Aliwajengea ukumbi wa matao wenye mizani na wepesi hata wanafunzi wa ujenzi wa dunia nzima huenda kuutazama mpaka leo. Watoto wale walipewa maziwa, na walipewa uzuri. Hakuna aliyewaambia wangojee uzuri mpaka washibe kwanza.

Kwetu tunawaambia watoto wangojee. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, na mojawapo ya njia tatu walizowekewa ni ya Sanaa na Sayansi ya Michezo. Nimekwisha kusikia watu wazima wakinong'ona kwamba njia hiyo ni ya watoto wa matajiri au ya wale walioshindwa na hesabu. Mtoto wa mtaa wetu mwenye mkono wa kuchora akiamini mnong'ono huo, ataificha karama yake kama mtu afichaye ugonjwa.

Shule nazo zina lawama. Nakumbuka ziara ya makumbusho niliyopelekwa nilipokuwa mwanafunzi. Tulikuwa mabasi manne. Tulipangwa mistari miwili, tukaingizwa kwa mlango mmoja na kutolewa kwa mwingine, na katikati nilikiona kisogo cha mwenzangu. Mwalimu alikuwa akihesabu vichwa tu. Tulikaa muda mrefu zaidi kwa nyoka, kwa kuwa nyoka hawahitaji maelezo, kisha tukala mkate na soda tukarudi tukiimba. Siku iliyofuata tuliandika insha juu ya ziara hiyo. Wengi wetu tuliandika juu ya soda. Yafaa mjue kwamba mwaka 2024 mji wa Venice, ambao unaishi kwa fedha za wageni, uliweka sharti kwamba kundi lenye kiongozi lisizidi watu 25, na ukakataza vipaza sauti. Mji wenye njaa ya wageni umekataa msongamano, na shule zetu zinaona fahari kujaza mabasi manne!

Wala hasara ya kutojua mali yetu si ya insha mbovu tu. Venice hufanya kila baada ya miaka miwili maonyesho makuu ya sanaa ambamo kila taifa huleta wasanii wake. Mwaka 2013, katika banda lililobeba jina la Kenya, wengi wa walioonyeshwa walikuwa Wachina na Waitaliano. Mwaka 2015 ilikaribia kuwa vivyo hivyo tena, mpaka wasanii wa Kenya walipopiga kelele na serikali ikalikana banda hilo. Ni mwaka 2017 ndipo banda la Kenya lilipokuwa na Wakenya kweli kweli, na mwaka 2022 alikuwapo Dickens Otieno, ambaye hukata makopo ya soda na bia kuwa nyuzi akayafuma kama nguo. Makopo! Mukuru tunayatupa mtoni. Banda la taifa lingewezaje kuazimwa na wageni mara mbili, kama raia wangekuwa wanawajua wasanii wao kama wanavyowajua wachezaji wao wa mpira? Mwizi huingia nyumba ambayo mwenyewe haikagui.

Na vingi vimekwisha kuchukuliwa. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa mto Tana, ilitwaliwa na wakoloni mwaka 1902, na imo katika ghala la British Museum huko London. Wachunguzi waliotafuta vitu vya Kenya vilivyo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani waliorodhesha zaidi ya 32,000. Mwaka 2021 makumbusho ya taifa ya Nairobi yaliweka maonyesho juu ya jambo hilo, na miongoni mwa vilivyoonyeshwa yalikuwa makabati ya kioo yaliyo matupu. Ningependa kila mwanafunzi wa Eastlands angalisimama mbele ya kabati lile nusu saa, kama yule mtalii wa karatasi ya njugu.

Kwa hiyo dai langu kwa shule za sekondari ni dogo, na nauli yake ni ya matatu. Badala ya mabasi manne kwa mwaka, wapelekwe watu kumi na wawili kwa Jumamosi moja. Kiongozi awe mwanafunzi mwenzao aliyetangulia kusoma. Waanzie mlangoni kwao, kwenye kibanda cha kinyozi, na wamwulize mchoraji jina. Wapande matatu iliyochorwa, wasome ubavu wake kama wanavyosoma ukurasa. Katika Eneo la Viwanda, kwenye barabara ya Dunga, waonyeshwe mahali ambapo mwaka 2003 ghala la zamani liligeuzwa kuwa kituo cha wasanii kiitwacho GoDown. Kisha waende mpaka Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, ambako chini kabisa kuna mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, mwana wa Mgoa na mama Mmaasai, aliyekusanya vinyago, nguo na mapambo ya Afrika nzima. Mlango wake unatazamana na sanamu ya Tom Mboya, aliyeuawa mwaka 1969 hatua chache kutoka hapo. Maelfu ya watu wa Eastlands hupita kati ya sanamu na mlango kila siku wakikimbilia magari.

Tumejaribu mara moja. Nilimchukua yule kijana wa njugu na wenzake kumi na mmoja, naye akawa kiongozi. Alikuwa ameandika maelezo yake kwenye daftari, na alitetemeka kwa dakika tano za kwanza. Tulikaa saa mbili, na vitu tulivyovitazama vizuri havikuzidi saba. Wakati wa kurudi tulipanda matatu yenye uso wa mwanamke mzee uliochorwa ubavuni, kila kunyanzi mahali pake. Kijana alimwuliza makanga ni nani aliyeuchora. Makanga hakujua, akamwuliza dereva. Dereva alitaja jina, na karakana anakofanyia kazi. Jumamosi ijayo tunakwenda huko.