Askari wa Akiba na Mstari wa Mbele

Liko swali ambalo huulizwa mara kwa mara katika mabweni ya askari, na halijapata jibu la kuridhisha. Askari wa akiba anapoitwa kutoka shambani au dukani kwake, akavishwa sare na kupelekwa katika uwanja wa vita, je, huko anakwenda kupigana au anakwenda kulinda magunia? Askari wa kudumu huliuliza kwa kejeli, na askari wa akiba mwenyewe huliuliza kwa uchungu. Sisi tunaona haifai swali hili liachwe kuwa la mazungumzo ya jioni tu, maana jibu lake lisipokuwa wazi kabla ya siku ya kuitwa, wako watakaolilipia kwa damu.

Hapa Rwanda askari wa akiba huitwa Inkeragutabara. Gutabara ni kwenda kuokoa, na kwa wazee wetu neno hilo lilikuwa na maana ya kwenda vitani hasa. Neno ingabo nalo, ambalo leo tunaliitia jeshi, asili yake ni ngao. Zamani za wafalme ingabo hawakuwa watu wa mshahara. Walikuwa wakulima na wafugaji, kila mmoja akijua ni wa jeshi gani, na vita vilipotangazwa wengine walishika mikuki na pinde na wengine wakafuata nyuma na ng'ombe na vyakula. Kwa hiyo wazo la kwamba mwananchi wa kawaida anaweza kutoka nyumbani kwake na kupigana si geni katika nchi hii, wala hatukulikopa kwa wageni.

Lakini wazo ni jambo moja na vita ni jambo jingine. Mfano mkubwa kuliko yote katika Afrika ya Mashariki ni ule wa ndugu zetu wa Tanzania. Mwaka 1971, baada ya Wareno kuivamia Guinea na baada ya Iddi Amin kuipindua serikali ya Uganda, chama cha TANU kilitoa Mwongozo wake, na mafunzo ya mgambo yakaenezwa vijijini na mahali pa kazi. Wako waliocheka. Walisema huo ulikuwa mchezo wa watu wazima kutembea na fimbo mabegani. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia katika Mkoa wa Ziwa Magharibi, yakaiteka ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera na kulivunja daraja la Kyaka. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililokuwa na askari wapatao 40,000, lilipanuliwa upesi hata likazidi watu 150,000, wakiwamo mgambo wapatao 40,000, pamoja na polisi, askari magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa.

Watu hao hawakuitwa ili kupika. Brigedi ya 201, iliyopewa kazi ya kuingia mji wa Lukaya kwa njia ya barabara kuu, ilikuwa karibu yote ni mgambo, na wengi wao walikuwa hawajapata kusikia risasi ya adui. Ni vema tukae kidogo juu ya Lukaya, kwa sababu siku mbili za hapo zina mafunzo mengi kuliko vitabu vingi.

Mji huo uko kati ya Masaka na Kampala, na kaskazini yake barabara inapita juu ya tuta katikati ya kinamasi cha Ziwa Victoria. Asiyelishika tuta hilo haendi Kampala. Mgambo walikwisha ingia mjini wakati jeshi la Amin, likisaidiwa na Walibya waliotumwa na Kanali Gaddafi, lilipokuja tarehe 10 Machi 1979 na kuwafyatulia makombora ya roketi. Makombora yale hayakuua wengi. Kilichoua mioyo ni kelele zake. Mgambo wengi walivunja safu na kurudi nyuma. Lau hadithi ingekoma hapo, basi kila ofisa anayewadharau askari wa akiba angekuwa na hoja yake.

Haikukoma. Usiku ule watu walikusanywa na safu ikapangwa upya, wakati Brigedi ya 208 ikiendelea kuzunguka kwa mbali ili imtokee adui upande wa kaskazini, katika barabara ya Kampala. Alfajiri ya tarehe 11 Machi brigedi hiyo ilipiga kutoka ubavuni, na wale wale mgambo waliokimbia jana yake wakapiga kutoka mbele. Walibya na askari wa Amin walishindwa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ilikuwa imeanguka.

Tungependa msomaji aangalie jambo moja ambalo mara nyingi husahauliwa. Miongoni mwa Walibya waliokuwa Lukaya wako pia waliokuwa mgambo, raia waliovishwa sare katika nchi yao na kupakiwa katika ndege. Mgambo alipambana na mgambo. Sisi hatuamini kwamba damu ya Mtanzania ina ushujaa zaidi kuliko ya Mlibya. Mgambo wa Tanzania alikuwa ameitwa tangu Novemba, amekaa miezi minne pamoja na jirani zake wa safu, amejua kwa nini yuko pale, na alipotetereka walikuwapo makamanda wa kumrudisha mahali pake na brigedi nyingine ya kumwondolea uzito. Mlibya yule alitupwa mbali na kwao, katika nchi asiyoijua, kumtetea mtu ambaye wenye nchi wenyewe walikuwa wamemchoka.

Zipo nchi zilizochagua njia ya kinyume. Mwaka 1990 Marekani ilikuwa na Brigedi ya 48 ya askari wa akiba wa jimbo la Georgia, ambayo kwa miaka mingi iliandikwa katika mipango kuwa ni sehemu ya Divisheni ya 24. Divisheni hiyo ilipokwenda Saudi Arabia, brigedi ile iliachwa na nyingine ya askari wa kudumu ikachukuliwa badala yake. Watu wa Georgia waliitwa mwishoni mwa Novemba, wakapelekwa mafunzoni katika jangwa la California, na vita vilipokwisha mwisho wa Februari 1991 walikuwa hawajaondoka Marekani. Wakati huo huo vikosi vya mizinga vya akiba kutoka Arkansas na Tennessee vilikwenda, vikafyatua mizinga yao. Mzinga hufyatuliwa na watu wachache wenye kazi moja waliyoizoea; brigedi ya vifaru na askari wa miguu ni maelfu ya watu wanaotakiwa kwenda kama mwili mmoja. La kwanza huweza kutunzwa kwa mazoezi ya siku chache kila mwezi. La pili ni gumu mno. Lakini aliyewaahidi watu nafasi miaka yote na kuwanyima siku ya safari hawezi kusema kosa ni lao.

Sasa turudi kwetu. Jeshi la akiba ni tawi kamili la Jeshi la Ulinzi la Rwanda, na wengi wa Inkeragutabara walikuwa askari kabla ya kurudi uraiani. Hii ni faida ambayo mgambo wa mwaka 1978 hawakuwa nayo. Kazi walizozifanya tangu wakati huo zinaonekana kwa macho: madarasa waliyoyajenga, matuta waliyoyachimba milimani kuzuia mmomonyoko wa udongo, nyumba za wasiojiweza. Hatuna neno ila sifa kwa kazi hizo, na hatutaki zipunguzwe. Walakini mtu aliyeshika sururu miaka kumi hawezi kuhesabiwa kuwa ni mpiga bunduki wa rashasha kwa sababu tu daftari linasema alikuwa hivyo zamani. Mkono husahau, na macho huzeeka. Tunalisema hili bila kuficha kwa sababu tunawaheshimu.

Na muda hautakuwapo. Tarehe 9 Julai 2021 serikali ilitangaza kupeleka wanajeshi na polisi 1,000 katika mkoa wa Cabo Delgado, nchini Msumbiji. Tarehe 8 Agosti mji wa Mocímboa da Praia ulikuwa umekombolewa. Ni siku 30. Mgambo wa Lukaya walipata miezi minne na bado siku ya kwanza iliwatisha. Anayeitwa kwa safari ya namna ya Cabo Delgado hana budi awe tayari siku anayoitwa, au akabidhiwe kazi nyingine na aambiwe hivyo waziwazi.

Ndugu zetu wa polisi wasidhani mambo haya hayawahusu. Wanakumbuka walinzi wa mitaa wa miaka ya 1990, raia wa kujitolea wasio na mshahara, waliopewa silaha na kazi ngumu bila mafunzo ya kutosha, wengine wakafanya vema sana na wengine wakawaudhi wananchi. Sheria ya mwaka 2013 iliyoanzisha DASSO ililetwa ili mahali pao pachukuliwe na watu waliofunzwa na wanaolipwa. Mafunzo na posho hayatenganishwi na nidhamu, iwe ni lindo la mtaani au la mpakani.

Lawama yetu kubwa tunaielekeza kwa sisi maofisa. Sisi tuliopita katika shule ya makadeti tulifundishwa kuipanga platuni tuliyoilea wenyewe, ambayo kila mtu wake tunamjua kwa jina na kwa udhaifu. Askari wa akiba thelathini wakishushwa garini mbele yetu, jambo jepesi ni kuwapeleka ghalani, na kama hatuna ghala, kuwapa majembe. Hapo hatujapima uwezo wa mtu ye yote. Tumejiepusha na taabu tu. Tena si kweli kwamba ghala ni mahali pa usalama. Siku hizi adui hushambulia msafara wa chakula kabla ya kushambulia kombania ya mbele, na bawabu wa bohari naye hupambana na adui uso kwa uso. Anayepewa lindo hilo apewe na risasi za kutosha, redio, na amri zinazoeleweka, kama askari mwingine ye yote aliye mbele ya adui.

Kwa hiyo tunashauri kwamba askari wa akiba wafanye mazoezi pamoja na vikosi vile vile watakavyokwenda navyo, chini ya makoplo na masajini wale wale, na wasigawanywe mmoja mmoja kuziba mapengo kwa watu wasiowajua. Madereva, waganga, mafundi wa redio na wapiga mizinga wanaweza kuanza mara moja. Kombania za askari wa miguu zichukue muda wake. Aidha, daftari la akiba la kila sekta liandike, pamoja na jina la mtu, kazi aliyoifanya jeshini, silaha aliyoizoea, na tarehe ya mwisho aliyopiga shabaha. Kamanda akiikuta nafasi hiyo ya mwisho ni tupu, asimpeleke mtu huyo po pote mpaka ijazwe.