Aliporudi kutoka Japani na mama wa pili

Siku ya tatu tangu arudi nyumbani, binti aliisogeza sahani pembeni na kusema ameshiba. Wali ulikuwa umepungua upande mmoja tu, na samaki alikuwa bado na mgongo mzima.

Mama yake alikuwa ameamka saa kumi alfajiri siku hiyo. Aliwahi sokoni kununua perege kabla wenye migahawa hawajawamaliza, akakuna nazi mbili, akachambua mchicha. Ni mama lishe wa siku nyingi mjini Morogoro, jirani na stendi ya Msamvu, na mafundi na madereva wanaomfahamu wanasema kwake hakuna sahani inayotoka nusu. Alimpakulia mwanawe kama anavyompakulia mtu aliyetoka safari. Binti akaunganisha viganja, akatamka neno ambalo hakuna aliyelielewa pale mezani, akala polepole, kisha akaacha.

"Nimekula sehemu nane kati ya kumi, Mama. Inatosha."

"Kwa hiyo chakula changu kimekosa mbili?"

Mdogo wake wa kiume aliangua kicheko. Mama hakucheka.

Majina ya familia hii yamehifadhiwa kwa ombi lao, ingawa majirani wakisoma watajua ni akina nani, maana maneno yalifika hadi kwa mama mdogo na kwa wanachama wa kikoba. Ilisemwa kwamba mtoto amerudi na maringo, kwamba Ulaya imemharibu (Japani nayo, kwa wengi wetu, ni Ulaya). Binti mwenyewe, ambaye sasa ana miaka 24 na ni muuguzi, anasema hakujua kama kuna mtu aliyeumia.

Alikuwa mwaka wa tatu chuoni alipopata nafasi ya kwenda Nagasaki kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, kuanzia Oktoba 2022 hadi mwisho wa Agosti 2023. Aliishi bwenini, lakini mwisho wa wiki alikwenda kwa familia mwenyeji: mjane wa miaka 73 anayeishi peke yake juu ya kilima. Nagasaki ni mji wa vilima na ngazi, na nyumba nyingi hazifikiwi na gari. Unashuka kwenye tramu, unapanda ngazi na mizigo yako. Jumamosi ya kwanza alifika juu akihema, akakuta bibi huyo mwenye umri wa kuwa nyanya yake amemtangulia na mfuko wa viazi mkononi.

Pale mlangoni unavua viatu na kuvielekeza pua nje. Unasema "tadaima", yaani nimerudi, na aliye ndani anajibu "okaeri", umerudi salama. Binti anasema kwa wiki za mwanzo neno lile lilimshinda, kwa sababu alijiona mgeni, na mgeni hapigi hodi kwa kusema amerudi. Mwezi wa pili lilimtoka lenyewe. Bibi alitoka jikoni akiwa na mwiko mkononi akamtazama tu, halafu akamjibu.

Tangu siku hiyo alimwita Okaasan, mama.

Kwetu kumwita mtu mama si jambo. Kila mwanamke aliyekuzidi ni mama, hata muuza nyanya usiyemjua. Kilichomchoma mama wa Morogoro hakikuwa neno. Anasema usiku mmoja baada ya binti kurudi alimsikia chumbani akiongea kwa simu na Nagasaki, akicheka kwa sauti ambayo yeye hakuwa ameisikia tangu mtoto amalize darasa la saba. "Nikajiuliza, mimi nimekosea wapi?" anasema.

Wanaosimamia wanafunzi wa kubadilishana wanaijua hali hii. Kwenda kuna ugumu wake, lakini kurudi huwa kugumu kwa namna ambayo familia haiitarajii. Kijana amelia kuondoka nyumbani, sasa analia kuondoka alikokwenda, na nyumbani hakuna anayempa pole, kwa sababu kila mtu anaona amepata bahati. Anakuwa mkimya, analala mchana, analinganisha kila kitu. Kwa wengi hali hiyo hupungua taratibu. Ikipita wiki mbili kijana hali, halali, au hataki tena mambo aliyokuwa akiyapenda, huo si uchovu wa safari, apelekwe akaonane na daktari.

Binti huyu alikuwa analala na anakula. Alikuwa anakula kidogo tu.

Ile "nane kati ya kumi" ni usemi wa zamani Japani, hara hachi bu, unaotajwa sana kisiwani Okinawa: acha kula tumbo likiwa bado na nafasi. Kwa afya ni ushauri mzuri, hasa kwa sisi ambao kisukari na presha vimeingia kila ukoo. Lakini tusiwapambe Wajapani kupita kiasi. Supu yao ya miso, ambayo ni soya iliyochachushwa, pamoja na kachumbari zao zina chumvi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na Wajapani kwa wastani hula karibu mara mbili ya hapo. Binti alirudi na pakiti nne za miso kwenye begi. Mama alionja kwa ncha ya kijiko, akasema, "Huyu naye anaweka chumvi," na hiyo ndiyo ilikuwa sifa pekee aliyompa mwenzake kwa mwezi mzima.

Mambo yalichacha Jumapili moja binti aliposema, bila nia mbaya, kwamba Okaasan alikuwa hamlazimishi kula.

"Basi rudi kwake," mama alijibu, akatoka nje kuosha masufuria ambayo yalikuwa yameshaoshwa.

Walikaa karibu wiki tatu wakisalimiana tu. Shikamoo, marahaba, na kila mtu kazi yake.

Kilichovunja ukimya kilikuwa mkononi mwa binti tangu siku aliyoondoka Nagasaki. Kwenye simu yake kulikuwa na picha za kijitabu kilichofifia rangi. Wajapani hukiita boshi techo, kijitabu cha mama na mtoto. Kilianza kutolewa mwaka 1948, miaka mitatu baada ya vita, nchi ikiwa na njaa. Mwanamke akiandikisha ujauzito kwenye ofisi ya manispaa anapewa bure, na humo huandikwa maendeleo ya mimba, kujifungua, uzito na urefu wa mtoto, chanjo, hadi anapokaribia kuanza shule. Kwenye vijitabu vya miaka ile ya mwanzo kulikuwa pia na sehemu ya kuandika mgawo wa maziwa na sukari. Kuna nafasi ya mzazi kuandika kwa mkono wake: leo amecheka, leo amesimama. Mama wengi hukitunza miaka yote na kumkabidhi mtoto akiwa mtu mzima, mara nyingi anapooa au kuolewa.

Usiku mmoja wa Agosti bibi yule alitoa kijitabu cha binti yake, aliyezaliwa mwaka 1976 na sasa anaishi Osaka na watoto wake. Alikuwa na nakala ya kwake pia, ya mwaka 1949, karatasi nyembamba kama ya kufungia vitumbua. Ilikuwa siku chache baada ya tarehe 9, siku ambayo saa 5:02 asubuhi ving'ora hulia mji mzima na watu husimama walipo kukumbuka bomu la atomiki la mwaka 1945. Mama mzazi wa bibi alinusurika bomu hilo, na alikuwa na kijitabu cha aina nyingine, cha matibabu ya manusura, kilichoanza kutolewa mwaka 1957. Bibi aliviweka vyote mezani, akaeleza ukurasa kwa ukurasa, taratibu, ili mgeni wake aelewe.

Bibi alieleza habari ya bega la binti yake. Japani chanjo ya kifua kikuu hupigwa kwa kifaa chenye sindano 9, mara mbili, na huacha vidoa 18 vidogo vilivyopangika kama muhuri. Mwanafunzi alipandisha mkono wa fulana akaonyesha kovu lake moja la mviringo, kama tulilonalo wengi wetu. Bibi akaligusa kwa kidole. Halafu akauliza swali la kawaida kabisa: kijitabu chako kiko wapi?

Binti alijibu kwamba hana, kilipotea.

Anakumbuka alivyolisema hilo bila kufikiri. Kabla ya safari chuo cha Nagasaki kilimtaka uthibitisho wa chanjo, hasa ya surua, kwa kuwa angeingia wodini. Yeye alikwenda kupimwa damu na kuchanjwa upya kwa gharama zake, kwa sababu aliamini kwamba kadi ya kliniki ya mtoto aliyezaliwa mwaka 2001, kwa familia iliyohama nyumba tano za kupanga, haiwezi kuwepo.

Wiki ile ya tatu ya ukimya, mama akiwa anachambua mchele uani, binti aliketi kwenye kigoda jirani naye akamwonyesha picha zile. Mama alizitazama muda mrefu, akazikuza kwa vidole viwili kama alivyofundishwa.

"Nilimwambia yangu ilipotea," binti alisema.

"Nani kakwambia imepotea?"

"Sikuiona."

"Hukuuliza."

Aliingia ndani, akatoka na mfuko wa rambo uliofungwa fundo. Ndani kulikuwa na cheti cha ndoa, risiti ya kiwanja, na kadi. Pembe zilikuwa zimeliwa na doa la chai lilikuwa limekaa juu ya tarehe ya kuzaliwa, lakini ilisomeka: BCG, polio, DPT ya kwanza, ya pili, ya tatu, surua miezi tisa. Muuguzi akaisoma kama muuguzi. Akafuata mstari wa uzito kwa kidole. Ulipanda vizuri kwenye kijani hadi mwezi wa saba. Mwezi wa nane ulianguka hadi kwenye kijivu, wa tisa ukagusa nyekundu.

"Hapa nilikuwa nimefanya nini?"

Ndipo mama akasimulia kitu ambacho hakuwahi kukisimulia. Ilikuwa malaria, siku sita wodini, na yeye alikuwa na miaka 19. Daktari alisema mtoto hana akiba mwilini, hata dawa ikifanya kazi bado anahitaji kula. Nyumbani hakukuwa na chakula cha maana. Alitoka hospitali akauza doti mbili za khanga za harusi yake, akanunua karanga, unga na mkaa. Uji wa karanga alimpa mtoto, na uliobaki aliuuza kwa mafundi waliokuwa wakijenga jirani. Kesho yake wakaja tena wakauliza kama kuna na maandazi. Biashara yake ilianzia hapo.

Kwenye kadi, mwezi wa kumi na mbili, mstari umerudi kwenye kijani. Kuna alama ndogo ya kalamu pembeni, si ya nesi. Mama anasema aliichora yeye, akiwa amekaa kwenye benchi la kliniki, kwa sababu alifurahi na hakujua aandike nini.

Binti bado hapakui sahani kubwa. Siku hizi anajipakulia mwenyewe, kidogo, halafu anaongeza mara ya pili mama akiwa anamwona. Mama naye amepunguza mafuta, kwa amri ya presha yake zaidi kuliko ya Wajapani. Miso imehamia kwenye supu ya dagaa, na chumvi haiongezwi.

Mwezi uliopita walipiga simu ya video Nagasaki, wote wawili, mama akiwa amejifunga kilemba. Bibi wa Nagasaki alikuwa ameandaa kijitabu cha binti yake, akakiinua mbele ya kamera. Mama akainua kadi. Wakaangaliana hivyo, kila mmoja amejificha nusu uso nyuma ya karatasi yake, binti katikati akijaribu kutafsiri na kushindwa kwa kicheko.

"Muulize," mama alisema, "wake alianza kutembea na miezi mingapi?"

Swali likaenda. Bibi akafungua ukurasa, akavaa miwani, akasoma. Jibu likarudi: kumi na moja.

"Mwambie wangu kumi," mama alisema, akakunja kadi yake taratibu na kuirudisha kwenye rambo.