Wembe na Ua la Usambara: Mastaa, Acheni Kushangilia Vitabu Vilivyochanwa

Kuna video imezunguka sana wiki hii. Staa mmoja wa Bongo (jina kapuni, wenyewe mnamjua) anawatembeza mashabiki kwenye nyumba ya rafiki yake huko London. Sebuleni ukuta mzima ni fremu za dhahabu, na kila fremu ina ua lililopakwa rangi kwa mkono. Rafiki mtu anajisifu kwamba ni orijino, zimetoka kwenye vitabu vya miaka mingi. Staa wetu anapiga makofi. Laiki kama mvua.

Ngoja kwanza. Zimetoka kwenye vitabu, zimetokaje? Zilishuka zenyewe zikatembea mpaka ukutani? Kuna mtu alishika wembe.

Hii biashara ipo na ina wenyewe. Mtu ananunua kitabu kizima cha maua, anang'oa jalada, anakata kurasa za picha na kuziuza mojamoja. Hesabu ni nyepesi: mwenye hela ya kitabu kizima ni mmoja, wenye hela ya ua moja la kuning'iniza juu ya sofa ni kibao. Maandishi hayana soko, yanaishia kwenye pipa.

Na msidhani ni vitabu vya kuokota tu. Chukua Curtis's Botanical Magazine. Lilianza London mwaka 1787, na mpaka 1948 picha zake zilikuwa zinapakwa rangi kwa mkono. Kila nakala, wadau! Picha ikishachapwa, watu wanakaa mezani na brashi, wanapaka jani, wanapaka petali, wanachukua nyingine.

Au yule mwanamke, Elizabeth Blackwell. Mumewe alifungwa London kwa madeni. Bibie hakulia lia, akaingia bustanini Chelsea, akachora mimea ya dawa, akachonga mwenyewe sahani za kuchapia, akapaka rangi mwenyewe. Kati ya 1737 na 1739 akatoa picha 500, hela ikapatikana, mume akatoka. (Huyo mume baadaye alienda Sweden akajiingiza kwenye siasa za ikulu, akakatwa kichwa 1747. Wanaume bwana.) Sasa kazi kama hiyo inakatwa vipande kwa sababu ua limeendana na mito ya sofa?

Ila kinachouma zaidi kinatuhusu sisi. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipata kaua ka zambarau kwenye milima ya Usambara, Tanga hapo hapo, akakapeleka kwao. Mwaka uliofuata wataalamu wakakaita Saintpaulia, jina lake yeye. Leo kapo kwenye vyungu vya madirishani dunia nzima. Mwaka 1895 kalitoka kwenye Curtis's, picha ya rangi pamoja na kurasa za maelezo yake. Kata ile picha, tupa maelezo. Kinachobaki ni kaua kazuri kwenye fremu, na Usambara imeenda na taka.

Timu staa mtasema hela yao, kitabu chao, wivu tu. Sawa, na ukweli usemwe: vingine vinafika sokoni vimeshaliwa na wadudu, jalada hamna, nusu ya kurasa hamna. Aliyeokoa picha mbili tatu humo hana kosa. Lakini kitabu kilichovuka vita na moto na mafuriko kikiwa kizima, halafu kinakutana na mpambaji wa nyumba! Hakuna kiwanda kinachotoa vingine. Kila kimoja kinachochanwa, vilivyobaki vinapungua na bei inapanda, na mwanafunzi au maktaba ndogo ndiyo basi tena.

Hata hilo pambo lenyewe ni kichekesho. Rangi zile za maji zimedumu kwa sababu kitabu kilikuwa kimefungwa, giza tupu. Ukiziweka ukutani mkabala na dirisha, jua linazila taratibu. Kwenye video dirisha linaonekana, kubwa kama la shoorumu ya magari.

Na njia nyingine ipo, wala si ngumu. Matoleo ya zamani ya Curtis's yamewekwa mtandaoni kwenye Biodiversity Heritage Library, picha na maelezo yake, kupakua ni bure. Unachagua ua, unaprinti steshenari, unampelekea fundi fremu. Rafiki mtu angejaza ukuta wote kwa hela ya ile chupa waliyofungua mwishoni mwa video.

Staa inasemekana amerudi Dar na fremu moja, zawadi. Aifungue kwa nyuma aangalie ukingo wa karatasi, aone palipopita wembe.