Gari kuukuu lataka pumzi, si kelele

Mtu aendaye Burma Jumamosi mchana hakosi mambo mawili: nyama, na ubishi juu ya magari. Nyama ikiwa motoni, wenye magari huketi kwenye mabenchi macho yao yakiwa nje, kila mmoja akililinda lake alikoliegesha, na mazungumzo hayachukui muda kabla ya kufika kwenye injini. La huyu limekuwa zito siku hizi. La yule lashindwa na kilima kidogo tu. Mwingine naye ametoka kwa fundi aliyemfungulia kabureta, na sasa, asema, gari linatoka kama risasi.

Wiki chache zilizopita nilikaa karibu na kijana mmoja aliyerithi Toyota Corolla ya babake, gari la kabureta, lenye umri mkubwa kumshinda yeye mwenyewe. Alikuwa amekata silensa na kutupa chujio la hewa, na fundi wake alikuwa amepanua tundu la jeti kwa sindano ili mafuta yaingie kwa wingi. Alipolitia moto gari hilo wakata nyama wote waligeuka kutazama. Lakini mapema, alipokuwa akiingia kuegesha, nilimwona akikanyaga breki mara tatu ndipo gari likasimama. Nilipomwuliza alicheka. "Breki ni mwezi ujao, mzee," akasema. "Kwanza nguvu."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Kwa maoni yangu, mwenye gari kuukuu na mfuko mwembamba hana nguvu za kuongeza, ana nguvu za kurudisha. Gari lake lilizaliwa nazo, zikavuja kidogo kidogo kwa miaka mingi, na pesa zake chache zaweza kutosha kuziba pale zinapovujia. Akizitumia kununua mlio, pesa zimekwenda na nguvu hazikurudi.

Kabla ya kumlaumu fundi, au Mjapani aliyelitengeneza gari, yafaa kwanza tukumbuke mahali tunapoishi. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 1,700. Hewa ya huku ni nyepesi. Kanieneo yake ni kama asilimia 82 tu ya ile ya Mombasa. Injini isiyo na taabo huvuta hewa ile ile inayoikuta, basi kila pistoni ishukapo hujaza silinda kwa hewa pungufu, na hewa ikipungua mafuta yanayoweza kuungua hupungua pia. Gari lililoandikwa kiwandani kuwa lina nguvu za farasi 60 huku kwetu litatoa kama 50, hata likiwa jipya. Wale waliowahi kuendesha gari la zamani hadi pwani wanalijua jambo hili bila kufundishwa: ukipita Mtito Andei gari huanza kuchangamka, na dereva hudhani ni kwa sababu limenusa bahari.

Sasa tazama ubaya wa sindano ya yule fundi. Kabureta iliyopimwa kwa hewa nzito ya usawa wa bahari tayari inamwaga mafuta mengi kuliko hewa ya Nairobi inavyoweza kuyaunguza. Ushahidi ni plagi: ukiifungua utaikuta nyeusi, imevaa masizi. Dawa yake ni jeti ndogo zaidi kidogo, si kubwa. Kijana wetu alilipa ili gari lake linywe zaidi na kuvuta kidogo zaidi ya kufukiza moshi. Sauti ikawadanganya wote wawili, yeye na fundi wake, maana gari lisilo na silensa likikohoa mtu hudhani linanguruma.

Jambo la pili ni kipimo cha pumzi ya silinda, yaani kompresheni. Hapa ndipo watu wa Eastlands wamepoteza pesa nyingi, na nitakaa hapa kidogo.

Jirani yangu mmoja huku Makongeni alikuwa na pikapu aina ya Peugeot 504 aliyoitumia kubebea mboga kutoka Wakulima. Ilimlegea hata akawa hathubutu kupakia magunia zaidi ya matano. Akaipeleka kwa fundi mwenye kipimo, na fundi akampimia silinda zote nne kisha akafungua kitabu. Tuseme kitabu kilidai 150. Kipimo kilionyesha 120 na kitu katika silinda tatu, na ya nne ikawa chini kabisa. Fundi akafunga kitabu na kutoa hukumu: injini yote imekufa, nunua nyingine iliyotoka Japani au Dubai. Jirani akaanza kutafuta mkopo.

Ilikuwa bahati yake kwamba jioni hiyo alilisimulia jambo hili mbele ya fundi mmoja mzee, mtu wa maneno machache, ambaye alimwuliza swali moja tu. Kitabu hicho kiliandikwa kwa hewa ya wapi? Kwa maana 150 ya usawa wa bahari, ikipandishwa hadi Nairobi, ni kama 123. Silinda zile tatu zilikuwa nzima! Aliyekuwa mgonjwa ni mmoja. Mzee akamimina kijiko cha oili ndani ya silinda ile ya nne kupitia tundu la plagi, akapima tena. Kama kipimo kingepanda, kosa lingekuwa la ringi za pistoni, kwa sababu oili huziba pengo lao kwa muda. Hakikupanda. Basi pumzi ilikuwa ikitokea juu, kwenye valvu. Wakafungua kichwa cha injini, wakakuta valvu moja imeungua ukingoni, wakaibadilisha, wakazisaga zote zikae vizuri kwenye viti vyake, wakafunga kwa gasketi mpya. Gharama ilikuwa valvu moja, gasketi na jasho la fundi kwa siku mbili. Pikapu ikarudi kwa magunia yake.

Sisemi kwamba fundi wa kwanza alikuwa mwizi. Yawezekana aliamini alichokisoma. Lakini yafaa kila mwenye gari ajue kwamba katika kupima injini ya zamani namba zenyewe si muhimu kama ulinganifu wake. Silinda nne zinazolingana, hata zikiwa chini kidogo, zitavuta. Tatu nzima na moja mbovu zitakunyima robo ya gari lako, na hakuna silensa duniani itakayokurudishia.

Kuna sababu nyingine inayofanya valvu za magari ya zamani ziungue, nayo wengi hawaijui. Petroli ya zamani ilikuwa na risasi, na risasi ile, licha ya kuwa sumu kwa watoto wetu, iliacha utando juu ya viti vya valvu ukavilinda. Kenya iliiacha petroli hiyo mwaka 2006, pamoja na nchi nyingine za Afrika kusini ya Sahara. Ilikuwa hatua njema kabisa. Lakini zile injini kongwe zenye vichwa vya chuma cha kutupwa, ambazo viti vyake havikutiwa chuma kigumu, zilianza kuliwa: valvu huzama polepole, nafasi yake hupungua, mwishowe haifungi sawasawa na moto unaitafuna. Mwenye gari la namna hiyo na apimiwe nafasi za valvu mara kwa mara. Kazi hiyo yataka bamba dogo la kupimia, spana mbili na mtu asiye na haraka.

Baada ya pumzi, moto. Magari yenye pointi hulegea kwa sababu pointi huchakaa, pengo lake hubadilika, na pengo likibadilika taimingi hubadilika nayo. Seti mpya ya pointi, kondensa na plagi nne ni pesa ambazo watu wawili huzila Burma kwa kikao kimoja. Na kwa kuwa hewa yetu ni nyepesi, taimingi huku yaweza kutangulizwa kwa digrii chache kupita kitabu bila injini kugonga, jambo ambalo hulipia sehemu ya kile ambacho mwinuko umetunyang'anya. Ila usisahau ukiteremka Mombasa kuirudisha ilipokuwa. Nimewasikia wakishuka na magari yanayogonga kama mtu anayetikisa kopo la misumari, wakiwasingizia wenye vituo vya petroli. (Wenye vituo nao si malaika wote. Serikali ilipotoza ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2018 ilieleza wazi kuwa nia ni kukomesha kuyachanganya na mafuta ya magari.)

Yako pia mambo yasiyohusu injini hata kidogo. Inua gurudumu kwa jeki ulizungushe kwa mkono. Likigoma, breki zinashika, na injini yako yavuta gari lililofungwa kamba. Tazama upepo wa magurudumu. Teremsha keria ya chuma unayozunguka nayo tangu Krismasi ulipopeleka godoro nyumbani. Kama injini inapanda mlio kilimani na mwendo haupandi, hiyo ni klachi, acha kuichokoza kabureta.

Na mabwana mafundi, niwaombe jambo moja: acheni kutoa thamostati. Sijui ni nani aliyetufundisha kwamba kila gari liendalo Afrika litolewe kifaa hicho. Injini isiyopata joto lake hunywa mafuta zaidi na kuchakaa haraka. Radieta ikiwa mbovu na izibuliwe. Chujio la hewa nalo ni hivyo hivyo: vumbi la Jogoo Road ni mchanga, na mchanga ndani ya silinda hufanya kazi ile ile ambayo msasa huifanya kwenye ubao.

Najua nitajibiwa kwamba mimi ni mzee na sielewi raha ya vijana. Huenda. Lakini hata sisi tulisimama kando ya barabara wakati wa Pasaka kuyangojea magari ya Safari Rally, na matope yakatupaka kuanzia viatuni hadi nyusi. Mwaka 1965 waliposhinda ndugu wawili, Joginder Singh na Jaswant Singh, gari lao lilikuwa Volvo PV544 ya mkono wa pili, iliyokwisha kukimbizwa na wengine kabla yao. Joginder alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa dereva maarufu. Gari lile halikuwa lenye nguvu kuliko yote yaliyoondoka Nairobi mwaka ule. Lakini lilikuwa limeangaliwa na mtu aliyejua kila nati yake, na likafika. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer. Ndiyo maana nikisikia kijana akisema kwamba gari kuukuu bila kulikata na kulitoboa halina lake, huwa namwuliza kama amewahi kuona picha ya Volvo ile.

Isitoshe, Eastlands imejengwa na magari makuukuu. Yale matatu ya kwanza, yaliyopata jina kwa nauli ya senti thelathini, yalikuwa mabovu ya watu wengine yaliyofufuliwa kwa nyundo na waya, yakakimbia yakiwindwa na polisi hadi mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta alipoyaruhusu yabebe abiria. Aliyekuwa akiyafufua hakuwa na pesa ya kuchezea. Alirudisha nguvu pale zilipopotea kwa sababu hakuwa na njia nyingine, na ujuzi wake ndio walioutumia wanafunzi wake huko Grogan na kando ya Shauri Moyo. Sasa naona ujuzi huo ukiuzwa kwa bei ya chini kwa sababu kupima silinda hakutoi sauti. Fundi anayekata silensa anamaliza kwa nusu saa, analipwa, na mteja anaondoka akitabasamu. Anayesaga valvu hushinda ameinama siku nzima, na mwishoni gari hunyamaza kuliko lilivyokuja. Mteja huona kama hakufanyiwa kitu.

Nguvu zikisharudi, gari litakimbia, na likikimbia litalazimika kusimama. Katika Jogoo Road, ambako watoto wa Kaloleni huvuka mahali popote penye nafasi, gari la kukanyagwa breki mara tatu halifai kuongezewa hata nguvu ya punda mmoja. Hili nilimwambia yule kijana wa Corolla mbele ya wenzake, naye akanikasirikia, akala nyama yake akiwa amenipa mgongo.

Jumamosi iliyopita nilimwona tena. Silensa bado imekatwa. Nilimsikia tangu akiwa upande wa uwanja wa City. Lakini kulikuwa na chujio la hewa, la mtumba, limefungwa kwa waya, na alipofika penye mkokoteni wa muuza makaa alikanyaga mara moja tu, gari likasimama. Hakunisalimu. Alifungua boneti, akaniita kwa kidole, akanionyesha plagi aliyokuwa ameifungua asubuhi, akitaka kujua kama rangi ile ya hudhurungi ndiyo niliyokuwa nikiisema.