Unene wa watoto si ugonjwa wa shibe pekee

Mwezi Septemba mwaka 2025, shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia watoto, UNICEF, lilitangaza kwamba watoto na vijana wenye unene wa kupindukia duniani wamewazidi kwa mara ya kwanza wenye uzito pungufu: asilimia 9.4 dhidi ya 9.2. Afrika kusini mwa Sahara na Asia Kusini hazijafikia hapo.

Wengi huuona unene huo kuwa ugonjwa wa matajiri. Takwimu za England zasema vingine. Huko wanafunzi hupimwa uzito wakianza shule na tena wakiwa na miaka 10 hadi 11, na katika mitaa ya kimaskini kabisa unene ni zaidi ya maradufu ya ule wa mitaa yenye neema. Vyakula vya sukari na mafuta hushibisha kwa bei nafuu. Kodi ya vinywaji vyenye sukari, iliyoanza Aprili 2018, iliwasukuma watengenezaji kupunguza sukari. Bei ya matunda haikuigusa.

Afrika Mashariki wanaotangulia ni watoto wa mijini wenye uwezo, wanaopelekwa shule kwa gari na kurudi kwenye soda, chipsi na runinga. Na huko mzazi akiambiwa mwanawe amenenepa, aghalabu hushukuru.