Hema Kando ya Maji: Maswali Matatu Kabla ya Kulala

Neno "kambi" limebeba mizigo mingi katika nchi yetu. Mzee aliyekata mkonge enzi za ukoloni akilisikia hukumbuka makambi ya manamba. Aliyepitia Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, hukumbuka mchakamchaka wa alfajiri. Muumini wa Kisabato kutoka Upareni hufikiria juma la mahubiri na nyimbo. Na pale Tengeru, nje kidogo ya mji wa Arusha, neno hilo hurejesha habari za wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000 waliopewa hifadhi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia; makaburi ya baadhi yao yangalipo hadi leo. Si ajabu basi mzazi akistaajabu kumsikia mwanawe akisema kwamba atatumia akiba yake ya likizo kwenda kulala hemani kwa hiari yake mwenyewe.

Hata hivyo, mapumziko ya namna hii yana faida kubwa kwa mfanyakazi wa mjini. Mtu anayeshinda kiwandani au ofisini, akarudi nyumbani watoto wamekwisha kulala, huwa mgeni katika familia yake. Siku mbili za kuteka maji pamoja, kuwasha moto pamoja na kuzungumza gizani bila televisheni humrudisha kwenye nafasi yake ya baba au mama. Na mahali panapofaa kwa shughuli hiyo ni chini ya milima, ambako maji hayakosekani na jua si kali kama la pwani.

Tuchukue mfano wa miteremko ya Kilimanjaro na Meru. Mvua inayonyesha juu ya misitu ya Kilimanjaro haitiririki yote juu ya ardhi. Sehemu yake huzama katika miamba ya volkano, ikasafiri chini kwa chini, kisha ikachomoza tena tambarare. Ndiyo asili ya chemchemi za Chemka huko Rundugai, katika Wilaya ya Hai, zenye maji maangavu ya uvuguvugu chini ya mikuyu. Ndiyo asili pia ya Ziwa Chala, lililomo ndani ya shimo la volkano kwenye mpaka wetu na Kenya. Ziwa hilo lina ukubwa wa kilomita za mraba 4 hivi, na kina chake hufikia mita 90 hivi. Upande wa Meru liko Ziwa Duluti, dogo na tulivu, limezungukwa na msitu wa hifadhi wenye njia ya miguu. Nalo haliko mbali na barabara kuu ya Arusha na Moshi.

Mahema nayo yapo ya namna mbili. Lipo hema la kawaida, ambalo familia hulibeba, hulikita yenyewe na kulala juu ya mkeka au godoro jembamba. Yapo pia mahema ya kifahari, yaliyosimamishwa juu ya sakafu ya mbao, yenye vitanda, mashuka meupe, choo na bafu, na mpishi wa kukuandalia chai. Mwenye uwezo wa kulipia hilo la pili hatulaumiwi kumsifu. Starehe si dhambi. Lakini mwenye kipato kidogo asidhani kwamba amekosa jambo. Mto na ziwa havitazami bei ya hema. Kwa hiyo kila anayekwenda, tajiri au maskini, ni lazima aulize maswali matatu kabla jua halijazama.

Swali la kwanza: maji haya yakifurika usiku, yatapita wapi? Mto wa chini ya mlima una tabia ya hila. Mvua yaweza kunyesha huko juu, mbali na macho yako, wakati wewe umelala chini ya nyota. Maji yakafika saa nane za usiku yakiwa na magogo na mawe. Mnamo Mei 1, 2024, Mto Talek katika Maasai Mara nchini Kenya ulivunja kingo zake ukaingia katika kambi za watalii, zikiwemo za kifahari, na makumi ya watu wakalazimika kuokolewa, wengine kwa helikopta. Kabla ya hapo, Desemba 3, 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliushukia mji wa Katesh na vijiji jirani, vikaua watu zaidi ya 80. Hao walikuwa ndani ya nyumba zao, si hemani. Basi usikite hema katika korongo kavu, hata kama mchanga wake ni laini mithili ya godoro. Tazama takataka zilizonasa kwenye matawi ya miti: hiyo ndiyo alama ya kimo cha maji yaliyopita. Kita hema juu ya alama hiyo. Na wakati wa masika, yaani Machi hadi Mei, ni busara kubaki nyumbani.

Swali la pili: ndani ya maji haya mna nini? Wahenga walinena, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mwaka 2002 msichana kutoka Uingereza aliuawa na mamba alipokuwa akiogelea katika Ziwa Chala, upande wa Kenya. Utulivu wa maji si ushahidi wa usalama. Muulize mwenyeji, tena si mmoja tu, na jibu lake ulitii. Zaidi ya mamba, mna adui mdogo asiyeonekana. Kichocho huletwa na vijidudu wanaotoka kwa konokono wa majini, nao hupenya ngozi ya mtu anayeoga au kuchezea maji, hasa yaliyotulia na yenye majani. Mtoto aliyeoga mahali pa mashaka, kisha akaonekana kukojoa damu au kuumwa tumbo, apelekwe hospitali apimwe; dawa ipo na inaponya. Maji ya kunywa yachemshwe hata yatokote vizuri. Chandarua kisisahaulike, kwa sababu mbu wa malaria huuma usiku. Na yeyote anayekwenda mwezi wa Juni au Julai abebe blanketi za kutosha, kwani baridi ya Arusha na Moshi haimbembelezi mtoto wa Dar es Salaam.

Juu ya yote, mtoto asiachwe peke yake kando ya maji hata kwa muda wa kukoroga uji. Wazazi wapeane zamu: mmoja apike, mwingine alinde. Mlinzi huyo asishike simu wala chupa ya bia.

Swali la tatu ndilo husahaulika zaidi: maji haya ni ya nani? Mgeni huyaona kuwa mandhari. Mwenyeji huyaona kuwa uhai. Wachaga tangu enzi za mababu walichimba mifongo kuteremsha maji hadi kwenye migomba na kahawa, na kila mfongo ulikuwa na zamu zake. Maji ya Kikuletwa hayaishii pale unapoogea. Huendelea hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako hukutana na yale ya Mto Ruvu, yakawa Mto Pangani, yakanywesha mifugo, yakamwagilia mashamba na kuzungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani. Sabuni unayoimwaga mtoni leo, kesho ni maji ya jirani usiyemjua.

Kwa hiyo fulia mbali na kingo, na choo kichimbwe angalau hatua 100 kutoka majini. Usikate mti mbichi kwa ajili ya kuni. Nunua mkaa au kuni kwa wanakijiji, nao wapate fungu lao. Pitia ofisi ya kijiji, ueleze mko wangapi na mtakaa siku ngapi. Hatua hiyo itakupatia ruhusa, ulinzi na ushauri kwa pamoja. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofunzwa. Asije mgeni akamwachia mwenyeji chupa na mifuko ya plastiki.

Familia mbili au tatu za mtaa mmoja zaweza kuchangiana hema, sufuria na nauli, zikafanya safari moja kwa mwaka bila kuvunja bajeti ya ada za shule. Wapeni watoto kazi: huyu vigingi, yule kuni, mwingine maji. Nao wafundisheni maswali haya matatu, wayaulize wao wenyewe kwa mwenyeji mara tu mfikapo. Mtoto aliyejifunza kuuliza kabla ya kujitumbukiza majini amepata elimu itakayomlinda hata siku ambayo baba na mama hawapo.